Asilimia 13 ya Braddock na kile tunachoisemesha

Mjadala wa jinsi ya kufundisha kuandika aya ukipamba moto, hakosi mtu wa kuchomoa asilimia 13. Takwimu hiyo ni ya Richard Braddock, mtafiti wa Marekani, aliyechambua insha 25 za majarida zilizoandikwa na watu wanaoishi kwa kalamu, akachapisha matokeo mwaka 1974. Vitabu vya kiada vilikuwa vimeimba kwa miaka mingi kwamba aya nzuri huanza na sentensi kuu, ile inayobeba wazo ambalo nyingine zote hulitumikia. Braddock akahesabu, akakuta aya zinazoanza hivyo ni kama asilimia 13 tu.

Basi, wanauliza wapinzani wa kanuni hiyo, ikiwa waandishi wenyewe hawaifuati, mwanafunzi alazimishwe kwa nini?

Nisiwapunje, wana hoja. Kanuni yenyewe haina umri mkubwa. Anayetajwa sana kuwa aliipa umbo ni Alexander Bain, mwalimu wa mantiki kule Aberdeen, Scotland, katika kitabu chake cha mwaka 1866, na wakosoaji wake husema aliitunga kwa kufikiri aya inavyopaswa kuwa, si kwa kuchunguza zinavyoandikwa. Aya kama alama imeitangulia kanuni hii kwa karne nyingi: Wagiriki wa kale walichora kistari pembeni mwa maandishi kumwonyesha msomaji kwamba hapa pana mkato. Hata neno letu “aya” limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni ishara. Halafu kuna matokeo tunayoyaona sote: mwanafunzi anaandika kama anayejaza fomu, sentensi kuu, maelezo matatu, mfano mmoja, na mwishoni sentensi ya kwanza inarudi ikiwa imebadilishwa maneno mawili. Ukisoma aya moja ya namna hiyo, umezisoma zote.

Hata hivyo, asilimia 13 imebebeshwa mzigo usio wake. Braddock alisoma insha za majarida, maandishi ambayo msomaji huyashika kwa hiari yake na yuko tayari kuongozwa polepole. Si ripoti, si jibu la mtihani, si maelezo ya jaribio la kisayansi. Yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba maandishi ya sayansi na ufundi huenda yakatoa matokeo mengine. Tena alisema wazi kwamba hakusudii walimu waache kuwaonyesha wanafunzi namna ya kukuza aya kutoka kwenye sentensi kuu, na kwamba kwa maoni yake insha zile mara nyingi zingeeleweka vizuri zaidi kama sentensi kuu zingejitokeza wazi zaidi. Asilimia imesafiri dunia nzima; maneno hayo yamebaki nyuma.

Isitoshe, kuacha kitu na kukosa kitu ni mambo mawili. Mwandishi mzoefu huweza kuificha sentensi kuu kwa sababu anayo kichwani, na kila sentensi aliyoiandika inaelekea huko. Anayejifunza huiacha kwa sababu bado hajaipata. Kwenye karatasi aya zote mbili hazina sentensi kuu, na anayehesabu ataziweka fungu moja.

Chukua aya inayoanza hivi: “Usingizi ni muhimu sana kwa binadamu.” Inafuata idadi ya saa za kulala, kisha ndoto, kisha godoro zuri, kisha ubaya wa simu kitandani. Yote yanahusu usingizi, lakini hakuna linalokwenda popote. Mwalimu anaandika pembeni, “Haina mtiririko.” Mwanafunzi anarudi na aya ileile, safari hii imenyunyiziwa “aidha”, “vilevile” na “hali kadhalika”.

Sasa mwambie abadilishe sentensi ya kwanza tu: “Anayejinyima usingizi ili asome zaidi huishia kukumbuka machache.” Godoro linaondoka lenyewe. Ndoto nazo hazina kazi tena. Simu inaweza kubaki, ikiwa ndiyo iliyoiba saa za kulala. Na jambo ambalo halikuwamo kabisa linadai nafasi: kwamba ubongo huendelea kuyaimarisha tuliyojifunza wakati tumelala, na dai hilo linahitaji kuelezwa. Viunganishi havijaguswa, na bado aya imeanza kutiririka.

Ile ya kwanza ilikuwa mada, hii ya pili ni hoja, yaani kauli ambayo mtu anaweza kuibishia. Nadhani hapa ndipo ufundishaji wetu unapoteleza. Tunamwambia mwanafunzi aanze kwa kutaja aya inahusu nini, naye anataja, kisha tunailaumu kanuni kwa ubutu wa aya.

Francis Christensen, Mmarekani mwingine, alitoa mwaka 1965 njia ninayoipenda ya kulipima jambo hili. Ipe sentensi ya juu kabisa namba 1, inayoieleza 1 ipe 2, inayoieleza 2 ipe 3, na kuendelea. Zilizo sambamba hupata namba moja. Ile aya ya godoro itakuwa 1, 2, 2, 2, 2: kila sentensi imetajwa ikaachwa, hakuna iliyoelezwa. Mwanafunzi akiziona hizo 2 zilizopangana, huhitaji kumhubiria kuhusu kina.

Wapinzani nawaachia mambo mawili bila ubishi. Idadi maalumu ya sentensi kwa kila aya itupwe, maana wazo ndilo linalojua urefu wake. Sentensi ya kufungia inayorudia ya kwanza nayo itupwe. Hata mahali pa sentensi kuu sipagombanii: iwe mwanzoni, iwe mwishoni, au iandikwe juu ya rasimu kwa penseli, na aya ikishasimama, ifutwe. Rasimu za namna hiyo haziingii katika takwimu, kwa sababu Braddock alihesabu zilizochapishwa, si zilizokatwa.