Ukaribu na Mungu haupimwi kwa joto la mkesha

Ukimuuliza muumini katika makanisa mengi ya hapa Kigoma anajuaje kwamba amemkaribia Mungu, mara nyingi atakueleza alivyojisikia: mwili ulimsisimka, machozi yalimtoka, alinena kwa lugha mpaka alfajiri, akarudi nyumbani moyo umetulia. Sina neno baya juu ya mambo hayo, kwa maana nimekaa katika mikesha hiyo na ninaamini kwamba Mungu hukutana na watu wake humo. Ninachokipinga ni desturi ya kuyafanya kuwa kipimo. Kipimo hicho humpitisha mtu ambaye mwenendo wake haujaguswa hata kidogo, na humwangusha yule ambaye Mungu anamfanyia kazi nzito ndani yake, akabaki akidhani ameachwa.

Katika ushirika wetu yupo mama anayenunua dagaa pale mwalo wa Kibirizi, akawaanika, kisha akawauza kwa magunia kwa wafanyabiashara wanaotoka nje ya mkoa. Alikuwa na mazoea ambayo wenzake wengi wanayo pia: dagaa walionyeshewa kabla ya kukauka, wale waliokwisha kupoteza mng'ao na kuanza kunuka, aliwaweka katikati ya gunia, na wale wazuri akawapanga juu na pembeni, mahali ambapo mkono wa mnunuzi hufika. Baadaye alianza kuamka saa kumi ya alfajiri kusali na kusoma Injili. Wote tulitarajia atueleze furaha aliyoipata, lakini kilichomjia kwanza kilikuwa ni lile gunia. Akifumba macho aliliona; akianza kumshukuru Mungu kwa riziki, maneno yalimkwama kooni. Usingizi ukampungukia, sala ikawa mzigo, hata akaenda kwa wazee wa kanisa kuomba maombezi kwa sababu aliamini kwamba adui amemwingilia. Wakamwombea, wakakemea, na hali ikabaki ileile.

Mimi nasema hapakuwa na adui wa kukemewa pale. Mama yule alikuwa amesogea, na Mungu naye alikuwa amesogea, na kitu cha kwanza kilichoonekana katika nuru ile kilikuwa ni kile alichokuwa akikificha. Hatimaye alifungua magunia yaliyokuwa stoo, akawachambua dagaa mmoja mmoja kwa siku kadhaa akiwa na binti yake, na wale wabovu akawauza kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Msimu ule faida yake ilishuka, na kwa kuwa hakuna mnunuzi aliyejua alichokuwa akifanyiwa hapo awali, hakuna aliyemshukuru. Katika kanisa letu habari kama hiyo haipewi nafasi wakati wa shuhuda, na hilo linanisikitisha, kwa sababu sijaona ushuhuda wa ukaribu na Mungu ulio wazi kuliko huo.

Maandiko yenyewe yanaonyesha mwenendo huohuo. Isaya alipomwona Bwana hekaluni, aliona midomo yake mwenyewe kuwa michafu na kulia ole. Petro, baada ya usiku mzima wa kuvua bila kupata kitu, alizishusha nyavu kwa neno la Yesu zikajaa hata zikaanza kukatika. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanaujua usiku wa mikono mitupu, nao wanajua furaha ya nyavu nzito. Lakini Luka, katika sura ya tano, hasemi kwamba Petro alisimama kutangaza wingi wa samaki. Anasema alianguka magotini pa Yesu akamsihi aondoke kwake, kwa kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi. Mtu aliyekuwa karibu kiasi cha kumgusa Yesu ndiye aliyejiona hafai, wakati umati uliosimama ufuoni haukusumbuka.

Wazee wetu waliopitia Uamsho wa Afrika Mashariki waliliishi jambo hili kuliko sisi. Uamsho ule uliwaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na watu wake walijulikana kwa kuungama hadharani, kurudisha mali walizoiba, kulipa madeni ya zamani na kwenda kupatana na watu waliokosana nao. Walikuwa na udhaifu wao, na wakati mwingine kuungama kule mbele za watu kuliwaumiza hata wasiohusika. Hata hivyo walijua kwamba mtu anayedai kutembea nuruni lazima awe na kitu cha kurudisha au mtu wa kumwendea. Leo tunaimba kwa nguvu kuwazidi, vyombo vyetu ni bora kuliko vyao, na madeni yetu kwenye maduka ya jirani yanazeeka.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ulikuwa wakati mgumu kwa familia nyingi, na siandiki kuubeza. Lakini nilisikiliza shuhuda zetu za Jumapili, nikaona jinsi zilivyopungua, na jinsi baadhi ya ndugu waliokuwa wakituambia kwamba Mungu yuko nao kwa kuwa mtumbwi umerudi umejaa walivyonyamaza kabisa, kana kwamba naye amefungiwa ziwa. Tulikuwa tumewafundisha hivyo sisi wenyewe, kwa kuwa kila baraka tuliyoitaja madhabahuni ilikuwa ya kuhesabika au kuliwa.

Kuna ukavu mwingine usiotokana na njaa wala na dhambi iliyofichwa, na huu ndio unaohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu si kila sala nzito ina gunia nyuma yake. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, bila mstari hata mmoja wa kugeukia furaha, nayo imewekwa katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo kadhaa alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu, na katika miaka hiyohiyo aliendelea kuwaosha na kuwalisha watu waliokuwa wakifa mitaani. Najua baadhi ya ndugu zangu Wapentekoste hawatapenda nimtaje mtawa Mkatoliki katika jambo hili. Namtaja kwa sababu mtu aliyedumu katika sala na huduma namna ile bila kulipwa hisia yoyote ana la kutufundisha sisi tunaohama kanisa pindi ibada inapopoa.

Ndiyo maana ninawahurumia vijana wetu wanaovua dagaa. Kazi yao ni ya usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo mkesha ukiangukia usiku wa giza, wao wako majini, na mara nyingi nimesikia wakitajwa kanisani kuwa wamepoa. Kijana anayegawa mapato ya usiku kwa haki na wenzake wa mtumbwi mmoja, asiyemwibia mwenye chombo, anayemtumia mama yake fedha kabla hajafika kilabuni wanakokwenda wengine, na ambaye akiwa katikati ya ziwa husema sala fupi akingoja dagaa wakusanyike chini ya taa, huyo kwangu hajapoa.

Ombi langu kwa wachungaji na wainjilisti wa mwambao huu ni kwamba mafundisho ya ubatizo yasiishie kwenye ahadi za furaha. Mwongofu aambiwe mapema kwamba akianza kusali kwa dhati huenda akakosa usingizi kwa ajili ya mtu aliyemdhulumu, na kwamba siku hiyo aende kwa mtu huyo kabla ya kwenda kwenye maombezi. Asomewe Zaburi ya 88 yote angali na moto wa mwanzo, ili ukavu ukimfikia asidhani ni yeye peke yake. Na wale wanaovua usiku wawekewe ibada fupi asubuhi palepale mwaloni, dagaa wakishamwagwa kuanikwa na kabla hawajaenda kulala.