Mwaminifu Asiachwe Peke Yake Kazini

Ofisi nyingi hapa Tanga mjini, za serikali na za watu binafsi, zina bango karibu na mapokezi: Dira, Dhamira, na chini yake Tunu za Msingi. Uadilifu, Uwajibikaji, Ushirikiano, Kumjali Mteja. Wapo wanaosema mabango yale ni mapambo, bora yashushwe. Mimi siungani nao. Kazi ya watu wengi haiendi bila mambo ambayo wote wamekubaliana kwamba haya tunayafanya na haya hatuyafanyi, hata mkubwa akiwa safarini. Kinachoniuma ni kuona mzigo wa bango lile unabebwa na mtu mmoja au wawili, wengine wote wanatazama.

Nitoe mfano wa maziwa, maana mkoa wetu ni wa maziwa, na wengi wetu tumekua tukiona yanavyokusanywa.

Asubuhi wafugaji wanafika kituoni, huyu na baiskeli, yule na bodaboda, keni zimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Mpokeaji anakoroga, anachota, anatumbukiza laktometa, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa. Maziwa halisi ya ng'ombe kwa kawaida husoma kati ya 26 na 32 yakiwa kwenye nyuzi joto 20. Yakisoma chini ya hapo, maji yanashukiwa. Kisha anachanganya maziwa kidogo na alkoholi kwa kiasi sawasawa. Yakikatika vipande vipande, yameanza kuchacha, yanarudi na mwenyewe.

Lakini mtu aliyezoea kazi ile anajua kuwa kipimo hakioni kila kitu. Maziwa mazuri yanayosoma 31, ukiyatia maji hata yakawa sehemu moja ya kumi ya keni, yatashuka hadi 28 hivi na yatapita. Gumu zaidi ni la dawa. Ng'ombe aliyechomwa antibayotiki kwa ugonjwa wa kiwele, maziwa yake hayatakiwi kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye dawa, na laktometa haina habari na hilo. Yakiingia kwenye tangi la kupozea yanachanganyika na ya kila mfugaji. Kiwandani, dawa ile inaweza kuwaua bakteria wanaogandisha mtindi, na mtindi usigande. Hapo hasara si ya aliyenyamaza peke yake, ni ya kijiji kizima.

Kinga ya uhakika pale kituoni ni mdomo wa mfugaji: "Ng'ombe wangu yuko kwenye dawa, yake sijaleta." Kusema hivyo kunamkosesha fedha ya siku kadhaa, na huenda ana ada ya mtoto inamsubiri. Atasema akijua jirani yake naye husema, na kwamba mpokeaji hatapitisha keni ya shemeji yake bila kuipima. Siku akiona ya shemeji imepita, naye atanyamaza, na sitamlaumu yeye kwanza. Uaminifu wa mfugaji mmoja hauokoi tangi. Unaliokoa pale tu wote walioligusa, kuanzia bandani hadi kwa dereva wa gari la maziwa, wanapoutunza.

Nimeyaona haya ofisini pia. Mahali fulani nilipofanya kazi, hapa hapa mkoani, alikuwepo mhasibu, dada mmoja mpole sana, aliyekataa kupitisha risiti za mafuta zilizoandikwa lita ambazo gari halikutumia. Hakugombana na mtu. Alizirudisha tu na kusema, "Kaka, hii siwezi." Mwanzo walimtania. Kisha wakaanza: "Dada, mbona unatubania? Wenzio tutaishije?" Chai ya saa nne ikawa haimfikii, safari za kikazi zikawa hazimpati, na akiingia chumbani mazungumzo yanakatika. Mkuu wa ofisi alijua yote. Hakumkemea mtu, wala hakusema neno moja mbele ya watu kwamba dada yule anafanya kazi yake. Mwishowe akaomba uhamisho. Bango la Uadilifu lilikuwa pale pale kwenye korido, juu ya kichwa chake alipokuwa akitoka na boksi lake.

Mtu asinieleze kwamba tabia njema ni jambo la mtu na Mungu wake. Ni kweli kwa roho yake, lakini kazini ni jambo letu sote. Ukimwacha mwaminifu peke yake, unampa mambo mawili achague: aondoke au afanane na wengine. Wengi hufanana.

Wazee wetu waliijua namna ya kuliweka jambo hili. Ahadi za mwanachama wa TANU hazikuishia kwenye neno "uadilifu". Zilisema: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Na tena: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Kitendo kinatajwa, anayeahidi anajitaja mwenyewe, na aliye karibu naye anajua ameahidi nini. Mabango yetu ya leo hayamwambii dereva wala karani nini hakifanyiki.

Na sasa hivi Tanga tunalihitaji hilo kuliko zamani. Bandari yetu, ambayo kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, na shehena ikaletwa kwa matishari, imechimbwa na kupanuliwa. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa Chongoleani. Zamu moja siku hizi ina Mdigo, Msambaa, Mbondei, Msukuma na Mganda. Hatuwezi kutegemea tena kwamba kila mtu kalelewa mtaa mmoja na anajua bila kuambiwa. Si lazima tufanane dini wala chakula. Anayekwenda msikitini Ijumaa apangiwe zamu, wa kanisani Jumapili vivyo hivyo. Ila kwenye kipimo, fedha na usalama wa mwenzako, tuwe na kauli moja.

Kwa hiyo wewe mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, mwenye karakana, mkuu wa shule, msimamizi wa kituo cha maziwa: mfanyakazi mpya akija, kabla ya kumwonyesha meza yake, mwambie mambo matatu ambayo hapa hayafanyiki. Mwambie wakiwepo wenzake, na wewe ukiwa wa kwanza kubanwa nayo. Kisha mweleze, mtu akija kukataa kupitisha kitu kwa sababu ya hayo matatu, nani atasimama upande wake siku hiyo hiyo.