Upasuaji wa Kongosho: Wagonjwa Wengi Hawafii Mezani

Watanzania tunaoishi Uholanzi tukisikia ndugu nyumbani ana saratani ya kongosho, jibu la haraka ni "mleteni huku, kuna madaktari." Nadhani tunatazama pasipo. Mikono mizuri ya upasuaji nyumbani ipo. Kinachoamua kufa na kupona zaidi ni wiki mbili baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji.

Upasuaji mkubwa wa kongosho unaitwa wa Whipple, jina la daktari wa New York aliyeutangaza mwaka 1935. Kichwa cha kongosho kinatolewa pamoja na duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wa nyongo. Kisha utumbo mwembamba unaunganishwa mahali patatu: kwenye kongosho lililobaki, kwenye mrija wa nyongo, na kwenye mfuko wa tumbo. Kiungo cha kongosho ndicho chenye balaa. Kongosho likiwa laini na mrija wake mwembamba, tuseme milimita 3 au chini, uzi unakata nyama na maji yanavuja. Maji hayo kazi yake ni kuyeyusha chakula. Yakichanganyika na usaha yanaanza kula ukuta wa mishipa ya damu iliyo jirani.

Baada ya upasuaji mgonjwa huachiwa dreni, mrija unaotoa maji tumboni. Kuanzia siku ya tatu amilezi (kimeng'enya cha kongosho) ya maji ya dreni ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida katika damu, uvujaji unashukiwa. Homa, mapigo ya moyo ya kasi na chembe nyeupe za damu zinazopanda vinaongeza shaka. Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni ndogo kabisa: siku ya nane hivi, mgonjwa anaongea vizuri, lakini kwenye mfuko wa dreni kuna damu kidogo, pengine vijiko viwili tu. Damu ile inaweza kukatika yenyewe, kisha baada ya saa chache au siku moja mshipa ukapasuka. Nesi akiandika "dreni ina rangi nyekundu" na kusubiri raundi ya asubuhi, huenda asubuhi ikawa imechelewa. Anatakiwa kuita daktari palepale, CT (picha ya kompyuta) ya mishipa ifanyike, na mtaalamu wa radiolojia azibe mshipa kwa kupitia paja.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002, juu ya wagonjwa wazee, ulikuta waliofariki baada ya upasuaji wa kongosho ni asilimia 16.3 katika hospitali zinazofanya chini ya mmoja kwa mwaka, na 3.8 katika zile zinazofanya zaidi ya 16. Mwingine wa 2009, juu ya upasuaji wa aina nyingi, ulieleza sababu: matatizo makubwa yalitokea karibu sawa kote, lakini waliofariki baada ya kuyapata walikuwa asilimia 12.5 katika hospitali bora na 21.4 katika zile mbaya. Hospitali nzuri inapata matatizo yaleyale, inayawahi.

Huku Uholanzi pia hawakuanza vizuri. Kuanzia miaka ya 1990 madaktari wa Amsterdam walisihi upasuaji huu ukusanywe mahali pachache, na kwa takriban miaka kumi kusihi hakukubadilisha vifo. Ulipoanza kukusanywa kweli, vifo vilishuka kutoka asilimia 9.8 mwaka 2004 hadi 5.1 mwaka 2009, na 2011 ikawekwa kanuni kwamba kila hospitali ifanye angalau 20 kwa mwaka. Baadaye vituo vyote vya nchi vilifuata utaratibu mmoja wa kumkagua mgonjwa kila siku, kupiga CT mapema na kuingiza dreni kwa sindano badala ya kufungua tumbo tena. Vifo vikashuka tena, kutoka asilimia 5 hadi 3.

Nyumbani tusinakili nusu. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliotoka 2018 ulionyesha wagonjwa wa upasuaji wanafariki mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa matatizo wanayopata ni machache zaidi. Kisha likajaribiwa jambo la kuwaangalia kwa karibu zaidi wodini walio hatarini, na vifo havikupungua. Sishangai: nesi akiona hatari lakini CT imelala, benki ya damu ni tupu na hakuna wa kuingiza dreni usiku, kuona kwake kunamsaidia nani?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: upasuaji huu ufanyike katika vituo viwili au vitatu nchini, kwa amri, si kwa ombi. Muhimbili tayari imekuwa na mafunzo ya radiolojia ya tiba, yaani kuziba mishipa na kuingiza dreni kwa kuongozwa na picha, tangu 2018. Huo ni msingi adimu. Pingamizi la umbali lina uzito, lakini upasuaji huu hupangwa, si wa dharura kama wa uzazi. Mgonjwa wa Kigoma ana siku za kusafiri. Safari ya kurudi ndiyo inayonipa wasiwasi, kwa sababu mshipa unaweza kupasuka hata baada ya ruhusa. Kituo kiwe na mahali pa kulala wagonjwa walioruhusiwa, karibu na hospitali, kwa angalau wiki mbili. Na ndugu, kabla ya kusaini fomu, waulize: mwaka jana mmefanya wangapi, na Jumamosi saa nane usiku nani anaingiza dreni?