Dakika Moja ya Ukimya kwa Mwendo wa Singeli

Naona klipu imeshafika mpaka kwenye kundi la wapangaji wenzangu. Mama mwenye nyumba kaniuliza asubuhi hii, akiwa na ndoo mkononi, kama ni kweli nilipeleka jini kwenye sendofu ya binamu yangu. Basi acha niseme mwenyewe, kwa sababu huyo jamaa yangu aliyeisambaza na kuitia chumvi alikuwa nje anatafuna mishikaki muda wote. Ndani aliingia mwishoni, shangazi zangu wakiwa wameshaanza kulia.

Sio jini. Ni kopo la biskuti.

Mlionizoea mnalijua hilo kopo, nimewachosha nalo. Kwa mliokuja leo kwa ajili ya umbea (karibuni, viti vipo nyuma): natengeneza ngoma ya umeme. Humo ndani hakuna kompyuta wala sauti iliyorekodiwa popote. Ni rezista, kapasita na transista, vile vipande vidogo unavyoviona ukifungua redio, vinavyobembelezwa mpaka vitoe mlio wa ngoma. Wajapani wa kampuni ya Roland walifanya hivyo na mashine yao ya ngoma, TR-808, iliyouzwa kuanzia 1980 mpaka 1983, mashine kama 12,000 hivi, kisha wakaacha kuitengeneza. Wakati ule wengi waliiona haifanani na ngoma. Leo ukipita na bajaji yenye muziki mtaani, ule mdundo unaokutikisa meno, ukoo wake unaishia kwenye mashine hiyo.

Sasa, 808 ilitumia transista zenye kasoro kwa makusudi, zile ambazo kiwandani zingetupwa, kwa sababu ya mchakacho wake. Mimi niliposoma hivyo nikaenda Kariakoo kutafuta transista mbovu. Muuzaji akaniangalia kwa huruma. "Kaka, mimi nauza nzima. Mbovu kachukue pale kwa mwenzangu, yeye ndiye anaziita nzima."

Nikanunua nzima, nikazifunga kinyume. Transista ina miguu mitatu: emita nikaipeleka upande wa chanya kupitia rezista, besi chini, kolekta nikaiacha hewani haijui imekosa nini. Ukiipa zaidi ya volti 7 hivi, kiungo kinazidiwa na kuanza kutoa mchakacho, shhhhh, na hapo umepata kayamba. Ngoma kubwa yenyewe ni rezista mbili, kapasita mbili na opampu moja (kidude cha kukuza umeme), saketi ambayo wenyewe wanaiita brijidi-T. Ukiigusa kwa mshtuko mdogo wa umeme inalia hertzi 50 hivi, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, halafu inafifia. Urefu wa kufifia unaamuliwa na volyumu moja, kile kitufe cha kuzungusha, niliyoiandikia kwa kalamu ya wino mzito: MKIA. Ukiufupisha, unapata "du". Ukiurefusha, unapata "duuuuu". Ukizidisha kabisa, mlio haufi tena, unaendelea mpaka betri iishe au majirani waje.

Zishikeni hizo habari za MKIA. Nitazirudia nikiwa nimepiga magoti.

Na hiyo ngoma unaipigaje? Chini ya kifuniko cha kopo nimegandisha kile kisahani chembamba cha shaba kinachokuwa ndani ya kengele za mlango za bei rahisi, piezo. Ukikigonga kinatoa umeme, umeme unaigusa saketi, ngoma inalia. Mashine yangu inafanya mambo mawili tu: inasikia mtikisiko, inapiga. Haina la tatu. Ndiyo maana nakataa habari zinazoenezwa kwamba "iliharibika". Haikuharibika hata sekunde moja. Laiti ingeharibika.

Kamati ya sendofu ilitaka "kitu cha tofauti" binamu anapoingia ukumbini. Mimi nikanyoosha mkono. (Mama alinitazama kutoka upande wa pili wa sebule, akatikisa kichwa taratibu. Mama ana kipaji.) Na nisiwafiche, kuingia kwake kulikuwa kuzuri mno. Kila hatua ya binamu nagonga kopo kwa kidole, sabufa za inchi 18 zinajibu DUU, mashangazi wanapiga vigelegele. Baba mdogo, yaani baba wa bibi harusi, akaninyooshea dole gumba. Nilihisi nimefuzu.

Kisha nikaenda kula.

Hapa wengi mnauliza kwa nini sikuzima. Kopo langu halina swichi. Kulizima ni kuchomoa betri, tena ziko mbili za volti 9, moja inalisha upande wa chanya na nyingine wa hasi, na ukichomoa spika zinapiga kishindo. Nikaona adabu ni kuliacha lilivyo, mtu anatoa zawadi pale mbele, kishindo cha nini? Na meza ya Dijei ilikuwa imejaa, laptopu, mikisa, sahani ya ndizi. Kwa hiyo kopo lilikuwa limekaa juu ya sabufa.

Juu ya sabufa. Mafundi mliomo humu, naomba msinitumie ujumbe. Nimeshaelewa.

Baba mdogo akapewa kipaza sauti. Mzee ana sauti ndogo, na siku hiyo alikuwa na huzuni yake, mtoto anaondoka. Akaanza kuwataja wazee waliotangulia. Akafika kwa babu yetu. Sasa babu yetu, mjue, alikuwa mpiga ngoma. Kisarawe nzima ilimjua, mdundiko ukipita bila yeye watu wanauliza kama anaumwa. Baba mdogo akasema, "Na mzee wetu, ambaye laiti angekuwepo leo angempigia mjukuu wake ngoma..." Mtu mmoja meza ya mbele akaburuta kiti kumpisha mhudumu.

DUU.

Moja tu. Nzito, ya heshima.

Ukumbi ukatulia. Shangazi mkubwa akaweka kijiko chini, akasema kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini: "Kasikia."

Mimi nilijua ni nini, nikasema moyoni imepita hiyo, mezani kuna pilau. Ila MC, Mungu ampe maisha marefu mbali nami, akasema, "Dijei, mpandishie mzee sauti, nyuma hawamsikii." Dijei alikuwa ameenda kupokea simu. Alikuwepo kijana wake, na kijana hakujua kipaza sauti cha mzee ni kipi kwenye mikisa. Akapandisha vyote.

"Tusimame," akasema baba mdogo, "tuwakumbuke kwa dakika moja ya ukimya." Akatoa saa mfukoni. Baba mdogo alikuwa mwalimu. Dakika yake ni dakika.

Ukumbi mzima ukasimama, viti vyote vikaburutwa kwa pamoja.

DUU.

Na sabufa iliposema DUU, ikatikisika. Ilipotikisika, kopo likasikia. Liliposikia, likafanya kazi niliyolitengenezea.

DUU.

Polepole, maana MKIA ulikuwa mrefu. Lazima mlio ufifie kwanza ndipo kisahani kipate nafasi ya kusikia tena. DUU... DUU... DUU... Mwendo wa kuaga hasa. Vichwa vyote vimeinama, hakuna anayeguna, na watu wakaamini kabisa kwamba ni sehemu ya ratiba. Nawaambia ukweli, laiti ningebaki nimesimama pale nilipo na mikono nyuma, leo ningekuwa shujaa wa ukoo. Wangesema kijana katoa heshima ya babu yake.

Lakini shangazi mkubwa alikuwa ameanza kutikisa bega moja. Shangazi mdogo kamshika mkono, machozi yanatoka. "Kaja," akasema. "Dada, kaja." Nikaona hapa tukiendelea mtu atapandisha.

Nikainama, nikaanza kwenda mbele kwa magoti na mikono katikati ya meza, ili nisivunje ukimya. Suti ya kuazima. Nikapita kwenye viatu vya wajomba, viatu vya wakwe watarajiwa, kiatu kimoja kisicho na mtu. Nikafika kwenye sabufa. Kila DUU inanipulizia upepo usoni. Kichwa changu kikafanya hesabu: mlio unarudi kwa sababu mkia ni mrefu, nikiukata mkia, mlio utakufa. Nikashika MKIA, nikaupunguza.

Rudini kule juu mlikosoma. Lazima mlio ufifie ndipo kopo lisikie tena. Mlio mfupi unafifia haraka. Ukififia haraka, linasikia haraka.

Dudududududududududu.

Jamani. Singeli. Singeli ya Manzese kabisa, ile ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, katikati ya kuwakumbuka marehemu. Mtoto wa miaka kama mitano, meza ya wakwe, akaruka katikati ya ukumbi akaanza kucheza kwa nguvu zake zote, na hakuna mtu mzima aliyeweza kumkamata kwa sababu tulikuwa kwenye ukimya. Nikamwona bwana harusi mtarajiwa ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka. Wanaosema alikuwa analia, sawa, alikuwa analia.

Nikashtuka, nikauzungusha MKIA upande wa pili. Wote. Mpaka mwisho.

UUUUUUUUUUUUUUU.

Haukukatika. Hertzi 50 bila kituo, vijiko vinacheza kwenye sahani, glasi zinagongana zenyewe, taa ya mapambo juu ya kiti cha binamu inazunguka taratibu. Binamu akanitazama kupitia shela. Ni mtoto tuliyekula naye sahani moja, na sijawahi kuona macho yale.

Nikafungua kopo, nikachomoa betri.

Moja.

Mafundi mmeshashika vichwa, najua. Kwa wengine: opampu inasimama katikati ya betri mbili, moja ikivuta juu na nyingine chini. Ukiondoa moja, inayobaki inaivuta yote kwake. Sabufa ilipiga KPAAA mbele ya uso wangu, koni, ile ngozi ya spika, nikaiona inasukumwa nje kwa macho yangu haya, na sahani ya ndizi ya Dijei ikaenda chini. Kisha kimya. Kimya cha kweli, kile baba mdogo alichokiomba.

Mimi nimepiga magoti mbele ya watu wote, betri mkononi, kopo wazi, waya zinaning'inia. Mhudumu mmoja aliziona hizo waya akaweka trei chini taratibu akatoka nje. (Hapo ndipo ile habari ya bomu ilipozaliwa. Sasa mnajua.)

MC akavuta pumzi. "Amina. Tunaweza kuka—"

Baba mdogo akainua kidole. Hakuondoa macho kwenye saa yake.

"Bado sekunde ishirini."

Na tukasimama. Yaani wao wakasimama. Mimi sikuweza kunyanyuka, maana kunyanyuka ni mtikisiko, na betri ya pili bado ilikuwa ndani na sikuwa naiamini tena mashine hiyo wala mikono yangu. Sekunde ishirini. Mtoto aliyekuwa anacheza akaja mpaka nilipo, akachungulia ndani ya kopo, akaninong'oneza kwa nguvu ukumbi mzima ukasikia: "Anko, washa tena."

Mengine ni ya kawaida. Sahani nililipa, ndizi Dijei alisamehe, sabufa ilipimwa ikaonekana nzima. Baba mdogo nilimwendea na shikamoo, akaitika marahaba, hakuongeza neno, akanirudishia kifuniko ambacho sijui alikiokota saa ngapi. Shangazi mkubwa mpaka leo haambiwi. Mjomba alijaribu kumweleza habari za kisahani cha shaba, akamjibu, "Mzee angekujaje basi, kwa teksi?" Anataka kopo lipelekwe Kisarawe likasomewe dua, na mimi sijakataa, nalihitaji kwanza nilifungie swichi.

Kijana wa Dijei kanitumia ujumbe, anataka ile sauti ya kasi aitie kwenye biti. Nimemwambia tuongee bei.

Binamu bado hajajibu simu, ila nimepata salamu kupitia kamati, kwa sababu harusi yenyewe bado iko mbele na majukumu yamegawiwa jana. Jina langu lipo. Nimepangiwa maegesho ya magari, nje, upande wa barabarani, na mwenyekiti ameongeza kwa herufi kubwa: ASIJE NA BEGI.