Wakohathi, Wagershoni na Wamerari: vyeo au mizigo?

Mahubiri mengi juu ya Walawi huzipanga koo tatu za wana wa Lawi kama ngazi: Wakohathi juu kwa kuwa walibeba Sanduku la Agano, Wagershoni katikati na mapazia yao, Wamerari chini kabisa na mbao na vigingi. Hoja hiyo ina mashiko. Kitabu cha Hesabu, sura ya 4, kinaanza na Kohathi ilhali mzaliwa wa kwanza ni Gershoni. Musa na Haruni ni Wakohathi. Tena mizigo ya Wakohathi ilikuwa mikononi mwa Eleazari, mwana wa Haruni aliyekuja kuwa kuhani mkuu, na koo nyingine mbili zikasimamiwa na mdogo wake, Ithamari.

Lakini isome orodha ile kwa jicho la mpakiaji. Maskani, yaani hema la ibada la safarini, ilikuwa na mbao 48, kila moja urefu dhiraa 10 na upana dhiraa moja na nusu, yaani kama mita 4.5 kwa sentimita 68. Kila ubao ulisimama juu ya vitako viwili vya fedha. Ongeza vinne vya nguzo za pazia la ndani, unapata 100, kila kimoja talanta moja. Talanta hukadiriwa kilo 30 hadi 35. Fedha peke yake ni tani tatu na zaidi, kabla hujagusa mbao, mataruma (fito za kuziunganisha), wala nguzo za ua na vitako vyake vya shaba.

Ndiyo maana katika Hesabu 7 magari sita na ng'ombe 12 waliotolewa na wakuu wa makabila hawakugawanywa sawa. Wamerari walipata magari manne na ng'ombe wanane, Wagershoni magari mawili na ng'ombe wanne. Wakohathi hawakupata kitu: vyombo vyao vilibebwa mabegani. Hata hayo manne ni vigumu kuona yalivyomaliza shehena ile, na wapo wataalamu wanaoona takwimu hizi si za kuchukuliwa neno kwa neno. Anayezikubali atasema sehemu kubwa ilikwenda mabegani, maana Wamerari wa umri wa kazi, miaka 30 hadi 50, walikuwa 3,200, kuliko Wakohathi (2,750) na Wagershoni (2,630).

Kuna agizo ambalo wengi hulipita: vifaa vya Wamerari, hadi vigingi na kamba, vikabidhiwe kwa majina. Aliyewahi kufunga turubai la harusi anaelewa. Sanduku halisahauliki, kigingi husahaulika, na vikikosekana vitatu, pazia la upande mzima linalegea. Mpango wa safari nao ulifuata kazi. Wagershoni na Wamerari waliondoka nyuma ya kambi ya Yuda, Wakohathi baadaye, nyuma ya kambi ya Reubeni, ili wakifika waikute maskani imesimama. Wangetangulia, Sanduku lingekosa pa kuwekwa.

Na ukaribu wa Wakohathi ulikuwa na mipaka mikali. Hawakufungasha wao. Haruni na wanawe walishusha pazia wakalifunika Sanduku nalo, wakaweka ngozi, juu yake nguo ya samawi, kisha miti ya kuchukulia. Hapo ndipo Wakohathi waliingia. Kugusa ni kifo. Kuchungulia hata dakika moja, kifo. Uza alikufa kwa kulishika Sanduku likiwa garini, ng'ombe walipojikwaa, na katika 1 Nyakati 15 Daudi anataja sababu: halikuchukuliwa na Walawi kama ilivyoagizwa. Gari, lililokuwa msaada halali kwa Merari, kwa Sanduku likawa kosa.

Wanaotetea ngazi watamleta Kora, aliyemwasi Musa. Alikuwa Mkohathi, mwana wa Ishari, na wafasiri wa Kiyahudi husema aliudhika kwa kuwa ukuu wa ukoo alipewa Elisafani, mwana wa Uzieli, aliye wa mwisho kati ya ndugu wanne. Huenda. Ila Musa anamkemea kwa jambo jingine: kutaka ukuhani. Kwa maoni yangu ukuta ulikuwa kati ya nyumba ya Haruni na Walawi wengine wote, si kati ya koo tatu. Kora aliusikia zaidi kwa sababu aliishi ukingoni mwake.

Miji waliyopewa Walawi katika Yoshua 21 inaonyesha hivyo hivyo. Wakohathi wanaonekana kupendelewa, 23 kati ya 48, wakati Wagershoni walipata 13 na Wamerari 12. Lakini 13 kati ya hiyo 23 ilikuwa ya makuhani wana wa Haruni. Wakohathi wa kawaida walibaki na 10, pungufu kuliko Wamerari.

Enzi za Daudi kazi ya kubeba ilikoma, na wana wa Kora wakashika malango ya nyumba ya Bwana pamoja na Wamerari. Walipiga kura, mdogo sawasawa na mkubwa. Mashariki ilimwangukia Shelemia wa ukoo wa Kora, walinzi sita kwa siku. Magharibi ikawa ya Shupimu na Hosa, Mmerari: wanne kwenye njia kuu, wawili Parbari, mahali palipokuwa upande huo wa magharibi.