Moto wa Urembo

Leo alfajiri, kwenye kutoa salamu mwisho wa sala, ya kulia nimeitoa vizuri, ya kushoto shingo ikagoma. Ikabidi nigeuke mwili mzima kama ngalawa inayopindishwa na mkondo. Mzee aliyekuwa kando yangu akaniuliza baadaye, "Vipi, ulilalia tofali?" Nikamwambia la, mzee wangu. Nilitazama taarifa ya habari.

Kisa ni picha. Mama watoto aliona kwenye simu sebule ya watu wa Ulaya huko: ukutani kuna kitu chaitwa fayaplesi, magogo yawaka, juu yake imetundikwa tivii, na mtu kajifunika blanketi. Wale wenzetu wana haki yao, nje theluji imefika magotini. Sisi tuko Mji wa Kale wa Mombasa, mwezi wa Machi, maleleji haya, kaskazi imekwenda zake na kusi haijafika, nguo yakauka kabla hujaipata kamba. Nilipojaribu kutaja joto nikaambiwa, "Baba watoto, si moto wa kuota huo. Ni moto wa urembo."

Basi likaja sanduku la jipsamu, ndani taa zinazocheza kama ndimi za moto, na kifeni cha kupuliza hewa moto cha wati 1,500. Hiyo ni sawa na kuacha pasi inawaka, tena bila hata shati moja kunyooka. Habari ya tokeni siisemi, nyote mwaishi nchi hii.

Sasa fundi wa kutundika. Tuliagana saa tatu asubuhi. Saa sita nampigia, "Niko hapa Buxton, ami, nakaribia." Nyuma yake nasikia king'ora cha feri na watu wanahimizwa wasonge mbele. Nikajiambia labda Buxton wamechimba bahari. Alifika saa tisa, mkono mmoja drili ya kuazima, mkono wa pili mtupu.

"Ami, una ngazi?" Nikaazima kwa jirani. "Una ekstensheni?" Nikachomoa ya friji. "Una pensili?" Nikamnyang'anya mtoto. "Pimamaji huna?"

"Wewe umekuja na nini, fundi?"

"Uzoefu."

Akapanda. Mimi nimesimama chini na kikoi changu kipya, mikono nyuma, najiona msimamizi wa bandari. Nikampa sharti moja tu: tivii ikae papo hapo juu ya sanduku, isipande zaidi, maana katikati ya kioo panatakiwa pawe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyekaa. "Hiyo wachia mimi," asema.

Nyumba hizi twazijua: matumbawe na chokaa, ukuta unene wa dhiraa. Drili iliingia kama kisu kwenye halua. Fundi akafurahi, "Ukuta mlaini huu!" Akatia kile kiplastiki cha kushikia skrubu. Kikazama. Tukakisikia kikiteremka ndani kwa ndani, tk, tk, kimya. Akatia cha pili, kikamfuata mwenzake. Cha tatu akakikaza na kijiti, kijiti nacho kikaenda. Halafu likaja kijiwe, kikaja na jamaa zake, na mchanga uliochotwa kabla babu yangu hajazaliwa ukamiminika juu ya fayaplesi. Fundi akashuka, akafuta jasho, akanitazama kwa huruma kama daktari.

"Ami, ukuta wako umechoka."

Umechoka! Masika yote haya umesimama, uje uchoke leo saa tisa na nusu?

"Tupande kidogo," asema. Kidogo ni shibiri. Hapo napo pakamomonyoka. Tukapanda shibiri nyingine. Kila tundu likifa twahamia juu yake, kama watu wanaokimbia maji. Hatimaye tukafika chini ya boriti, mjusi akatupisha, na hapo ndipo skrubu iliposhika. "Hapa hata nikining'inia mimi haing'oki!" Nikamwambia sina haja ya kukutazama wewe, nataka kutazama mpira.

Kufika kwenye malipo, akaongeza. Ya nini? "Matundu, ami. Tulipatana manne. Nimetoboa kumi na saba."

Hapo heshima zote zikanitoka na kikoi nusura kifuate. Jamani! Maji nanunua kwa mitungi, feri nasukumwa, tuktuk yaniacha njiani ati barabara mbaya, na sasa nilipie matundu ya kukosea! Ndani ya ukuta wangu! Nimelipa. Drili alikuwa nayo yeye.

Mama watoto ameyaziba kwa leso. Jina lake: "Mlodhani hayawi yamekuwa." Sijui kaichagua makusudi.

Jioni tukakaa jamii nzima vichwa nyuma, kama tunautafuta mwezi wa Ramadhani. Kijitabu chasema tivii isipate joto kupita nyuzi 40. Mtoto akawasha kifeni, feni ya darini ikalirudisha joto chini, shemeji aliyekuja kupongeza akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja hadi kitovuni. Kisha stima zikapotea, na wallahi sikumbuki lini nimezifurahia hivyo.

Tukatoka barazani. Muuza kahawa akapita na dele lake, akanimiminia kitu nusu ya kile cha mwezi uliopita. Nikamuuliza, kikombe hiki ama kifuniko cha chupa?

"Kahawa imepanda, ami."

"Nayo? Na kashata je?"

"Kashata zimekwisha."