Si Kila Kiti cha Kahawia ni cha Mtiki
Kinachonikera mno katika kutafuta viti vya mtiki vilivyotengenezwa Denmaki miaka ya 1950 na 1960, enzi za wabunifu wa samani Hans Wegner na Finn Juhl, ni wauzaji wanaokipa kila kiti cha kahawia jina hilo. Juzi nilikigeuza kimoja juu chini, na pale mguu ulipokwaruzika, mbao chini ya rangi ilikuwa nyeupe, ilhali mtiki ni wa rangi ya dhahabu hadi ndani. Kingine kilikuwa cha kweli, lakini kilipigwa msasa hadi mikunjo ya mikono ikapotea, kisha kikapakwa vanishi nzito. Uharibifu ulioje! Picha ya upande wa chini, ambako mara nyingi muhuri wa kiwanda hugongwa, wauzaji hawaiweki kwenye tangazo, na ukiiomba hujibiwi.